Samuel Hynes: rubani aliyewasoma waandishi wa Uingereza

Mtu akivipanga mezani vitabu vya Samuel Hynes bila kutazama jina la mwandishi, huenda akadhani ni kazi za watu wanne au watano. Kimoja kinachambua ushairi wa Thomas Hardy, mshairi na mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, kingine kinaeleza fikra za Waingereza katika miaka iliyotangulia Vita Kuu ya Kwanza, na cha tatu kinawafuata washairi vijana wa miaka ya 1930, mwaka baada ya mwaka, hadi vita ya pili inapowakuta. Kando yake iko tawasifu ya rubani wa ndege za mabomu katika Bahari ya Pasifiki, halafu juzuu tano nene za mashairi ya Hardy yuleyule, safari hii pamoja na kila neno ambalo mshairi alilibadilisha kati ya mswada na chapa. Hynes alizaliwa Chicago mwaka 1924 na kufariki Oktoba 2019 akiwa na umri wa miaka 95. Alikuwa Mmarekani, na zama za Uingereza alizozishughulikia zaidi zilikwisha kabla hajazaliwa au alipokuwa bado mtoto. Hata hivyo ni vigumu leo kuandika lolote la maana kuhusu fasihi ya Kiingereza ya miaka ya 1900 hadi 1940 bila kupita mlangoni kwake, na nadhani sababu ni kwamba vitabu vyote hivyo, licha ya kutofautiana kwa sura, vinalizunguka swali moja: tukio huacha lini kuwa tukio na kuwa kitu ambacho watu wanakikumbuka, na waandishi wana mkono gani katika mgeuko huo?

Ili kulielewa swali hilo, inafaa kuanza na mahali alipojifunzia kusoma. Alikulia Minneapolis wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, akaingia Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1942, na mwaka uliofuata akajiunga na mafunzo ya urubani wa jeshi la majini. Kufikia mwaka 1945 alikuwa luteni wa kikosi cha Marine akirusha ndege aina ya Avenger katika mapigano ya Okinawa, kazi iliyompatia nishani ya urubani inayoitwa Distinguished Flying Cross. Aliporudi alimaliza shahada yake mwaka 1947, akaendelea na masomo ya juu Columbia, New York, na mwaka 1949 akaajiriwa Swarthmore, chuo kidogo nje ya Philadelphia, ambako alifundisha hadi 1968. Katikati ya miaka hiyo jeshi lilimwita tena, 1952 hadi 1953, wakati wa vita ya Korea, na shahada ya uzamivu hakuipata hadi 1956. Baadaye alihamia Northwestern, na kuanzia 1976 hadi alipostaafu mwaka 1990 alikuwa profesa wa fasihi Princeton.

Katika vyuo vya Marekani vya wakati ule, mtindo uliotawala ulikuwa ule ulioitwa Uhakiki Mpya. Wafuasi wake walishikilia kwamba shairi ni kitu kilichokamilika chenyewe, na kwamba maisha ya mshairi, siasa za nchi yake na hali ya soko la vitabu ni mambo yanayopaswa kuachwa nje kama viatu mlangoni. Robert Penn Warren, ambaye mwaka 1938 pamoja na Cleanth Brooks alitoa kitabu cha kufundishia kilichoueneza mtindo huo, alikuwa mwalimu Minnesota katika miaka hiyohiyo. Kitabu cha kwanza cha Hynes, The Pattern of Hardy's Poetry cha mwaka 1961, kina alama za shule hiyo. Anayasoma mashairi kwa karibu sana, na anadai kwamba chini ya mamia ya mashairi ya Hardy kuna umbo moja linalojirudia: wazo linawekwa, wazo lililo kinyume chake linawekwa mbele yake, na hakuna la tatu linalokuja kuwapatanisha. Katika malumbano ya kawaida mtu hutarajia mshindi. Hardy, kwa maoni ya Hynes, huliacha pigo na jibu lake vikitazamana hadi mstari wa mwisho.

Umbo hilo ni muhimu kulishika, kwa sababu Hynes hakuliacha kwa Hardy. Lakini kwanza tulitazame shairi moja kwa karibu, kwa kuwa ndani yake zimo karibu shughuli zote za maisha yake.

Mwezi Novemba 1899, vita ya Makaburu ikiwa imeanza Afrika Kusini majuma machache tu kabla, Hardy alichapisha katika jarida moja la London shairi fupi la beti tatu lenye kichwa The Dead Drummer, yaani mpiga ngoma aliyekufa. Linamhusu kijana wa mashambani wa kusini mwa Uingereza ambaye anatupwa kaburini bila jeneza, vilevile alivyookotwa, kwenye uwanda asioujua hata kwa jina, chini ya nyota ambazo hazikuwapo katika mbingu ya kwao. Hardy alipolitia shairi hilo katika diwani iliyofuata alilibadilisha kichwa likawa Drummer Hodge. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, lakini Hodge lilikuwa jina la dhihaka ambalo watu wa mjini walimpachika kibarua yeyote wa shamba, kana kwamba wote ni mtu mmoja asiye na uso wala akili. Katika kichwa cha kwanza tunamwona maiti. Katika cha pili tunaona jina la dhihaka limepewa cheo cha kijeshi, na shairi linamalizika kwa kusema kwamba kifua na ubongo wa kijana huyo vitakuwa mti wa kusini, na nyota zile ngeni zitatawala juu yake milele. Dhihaka na heshima vimewekwa ubavu kwa ubavu, na hakuna kinachokifuta kingine.

Mtu asiyejua kwamba kulikuwa na kichwa cha kwanza hawezi kuona kwamba mshairi alichagua. Hapo ndipo kazi ya toleo la kihakiki inapopata maana yake. Hardy aliacha kuandika riwaya baada ya mwaka 1895, akatoa diwani nane kati ya 1898 na kifo chake cha Januari 1928, ya mwisho ikitoka baada ya yeye kuzikwa, na muda wote huo hakuacha kuyagusagusa mashairi yake. Shairi moja linaweza kuwapo katika mswada, katika gazeti, katika diwani, katika mkusanyo wa kazi zote na katika nakala ambayo mwandishi mwenyewe aliisahihisha kwa kalamu, na katika kila hatua neno limehama au alama ya mkato imetoka. Mhariri wa toleo la kihakiki huchagua umbo litakalosimama katikati ya ukurasa, kisha huandika tofauti zilizobaki chini yake, ili msomaji aweze kuirudia njia yote aliyopita mshairi. Hynes aliifanya kazi hiyo kwa Clarendon Press ya Oxford, na juzuu zake tano zilitoka kati ya 1982 na 1995. Ni kazi ya kuchosha macho, isiyomletea mtu umaarufu, na watu wanaopenda nadharia mara nyingi huidharau. Mimi naiona kuwa sehemu ya uaminifu ya taaluma hii, kwa sababu mhakiki anayejenga hoja juu ya neno moja anamtegemea mtu fulani aliyekwisha kuhakikisha kwamba neno hilo lilikuwapo.

Mwaka 1968 Hynes alitoa kitabu kilichomtoa kabisa katika ile kanuni ya kuacha historia mlangoni. The Edwardian Turn of Mind kinahusu zama zinazopewa jina la Mfalme Edward wa Saba, aliyetawala kuanzia 1901 hadi Mei 1910, ingawa kwa desturi zama hizo huhesabiwa hadi vita ilipoanza Agosti 1914. Picha iliyozoeleka ya zama hizo ni karamu ya bustanini: wanawake wenye nguo nyeupe, majani yaliyokatwa vizuri, jua lisilozama, na amani ambayo mizinga ya 1914 iliivunja ghafla. Hynes anaanza na picha hiyohiyo, halafu anauliza ni nani aliyeichora na lini. Jibu lake ni kwamba kwa sehemu kubwa ilichorwa na walionusurika, wakiangalia nyuma kutoka upande wa pili wa mahandaki, na kwa macho hayo hata siku za kawaida zingeng'aa. Watu walioishi wakati wenyewe walikuwa na hofu, na ushahidi wa hofu yao umejaa tele kwa anayejua pa kuutafuta.

Baada ya vita ya Makaburu jeshi lililalamika kwamba wanaume wengi waliojitolea walikataliwa kwa udhaifu wa mwili, na jenerali mmoja aliandika kwamba kati ya kila watano, watatu hawakufaa. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza kudhoofika kwa miili ya wananchi, nayo ikatoa ripoti mwaka 1904. Miaka miwili baadaye ikapitishwa sheria ya chakula cha watoto shuleni. Mwaka 1905 kilitoka kijitabu kilichojifanya kuwa kimeandikwa Tokyo mwaka 2005 kwa ajili ya shule za Japani, kikiwaeleza wanafunzi wa huko jinsi dola ya Uingereza ilivyoanguka. Mwaka 1906 gazeti la Daily Mail lilichapisha kwa mfululizo riwaya ya William Le Queux kuhusu uvamizi wa Wajerumani, na mwenye gazeti akataka njia ya wavamizi ipitishwe kwenye miji yenye wanunuzi wengi. Mwaka 1908 Baden-Powell, shujaa wa vita ileile ya Makaburu, alitoa kitabu cha skauti, na msomaji anayekijua tu kwa mafundo ya kamba na moto wa kambini atashangaa kuona ni kwa kiasi gani kilizaliwa na woga wa taifa linaloporomoka.

Hapa ndipo njia ya Hynes inapojitenga na ya wahakiki wengi wa rika lake. Alisoma ripoti za kamati, kesi za mahakama, vijitabu vya waonyaji na riwaya ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu angezisoma kwa raha. Riwaya nzuri ya E. M. Forster inaweza kukueleza mambo ya kudumu kuhusu binadamu, lakini riwaya mbaya ya Le Queux inakueleza watu waliogopa nini mwaka ule, kwa sababu mwandishi wa aina hiyo hana kitu kingine cha kuuza isipokuwa hofu ya wanunuzi wake. Hynes hakudai kwamba vitabu hivyo viwili vina thamani sawa. Alichodai ni kwamba mhakiki asiyevijua vibaya hataelewa ni katika kelele gani vile vizuri viliandikwa.

Sura ninayoipenda zaidi katika kitabu hicho ni ile ya tamthilia. Tangu sheria ya mwaka 1737, hakuna mchezo ulioruhusiwa kuonyeshwa hadharani jukwaani Uingereza bila kibali cha Lord Chamberlain, ofisa wa nyumba ya kifalme ambaye shughuli zake nyingine zilihusu sherehe na itifaki. Mwaka 1907 ofisi yake ilikataa Waste ya Harley Granville Barker na The Breaking Point ya Edward Garnett, na mwezi Oktoba waandishi 71 wakaweka saini barua ya malalamiko katika gazeti la The Times. Bunge likaunda kamati mwaka 1909. Mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw, aliyekuwa na hoja nyingi kuliko kamati ilivyotaka kuzisikia, mwaka huohuo aliukuta mchezo wake mwingine umezuiwa, akaupeleka Dublin, kwa kuwa mkono wa Lord Chamberlain haukufika Ireland. Kamati ikatoa mapendekezo, na mambo yakabaki yalivyokuwa. Udhibiti huo ulikuja kufutwa na Bunge mwaka 1968, mwaka uleule kitabu cha Hynes kilipotoka, kwa hiyo wasomaji wake wa kwanza wa Kiingereza walikuwa wakisoma kuhusu zama za kale huku sheria ya zama hizo ikiwa ndiyo kwanza inavuta pumzi yake ya mwisho.

Sasa lile umbo la Hardy linarudi. Hynes hasimulii habari ya watu wa kale wabaya wakishindwa na watu wapya wema. Anaonyesha kale na upya vikisukumana bila mmoja kumwangusha mwenzake, tena mara nyingi ndani ya kifua cha mtu mmoja: mwanamageuzi anayewahurumia maskini na kuwaogopa papo hapo, au mwandishi anayeichukia jamii ya matajiri lakini hana pengine pa kula chakula cha jioni. Mwandishi wa riwaya Virginia Woolf aliandika mwaka 1924 kwamba tabia ya binadamu ilibadilika Desemba 1910 au karibu na hapo. Wakati huo mfalme alikuwa amekufa miezi saba iliyopita, na watu wa London walikuwa wakicheka na kukasirika mbele ya picha za Cézanne, Gauguin na Van Gogh katika maonyesho yaliyoandaliwa na Roger Fry. Sentensi hiyo ya Woolf imenukuliwa hadi imechakaa. Hynes anaichukulia kwa uzito unaostahili mzaha mzuri, yaani anaukubali ukweli uliomo bila kusahau kwamba aliyeisema alikuwa akiwagombeza wazee wake wa kalamu, Wells, Bennett na Galsworthy, na alihitaji mpaka wa tarehe ili yeye na wenzake waonekane wako ng'ambo.

The Auden Generation, cha mwaka 1976, kinahusu kundi lingine, wale waandishi vijana wa miaka ya 1930 wanaoitwa kwa jina la mshairi W. H. Auden. Kiswahili kina neno linaloifaa dhana ya kitabu hicho kuliko neno la Kiingereza lenyewe. Kizazi ni watu waliozaliwa wakati mmoja tu, lakini rika ni watu walioingia jandoni pamoja. Auden alizaliwa 1907, Isherwood na Day Lewis 1904, Spender 1909, Orwell 1903. Walikuwa wavulana wa shule vita ilipokuwa ikiendelea, wakisomewa majina ya wanafunzi wa zamani waliouawa, na baba yake Isherwood mwenyewe aliuawa karibu na Ypres mwaka 1915. Walipofikia umri wa kwenda, vita ilikuwa imekwisha. Isherwood aliandika mwaka 1938 kwamba vijana wa umri wake walibeba aibu ya kutokuwa wakubwa kwa wakati uliotakiwa, na kwamba vita kwao ilikuwa mtihani wa uanaume ambao hawakuufanya. Walikuwa rika, kwa hiyo, lililounganishwa na jando walilolikosa, na Hynes anaona kwamba sehemu kubwa ya siasa zao za miaka ya 1930, mipaka, wapelelezi, viongozi na safari za hatari zilizojaa katika mashairi yao, inatoka hapo.

Kitabu hicho amekipanga kwa mwaka, na mpango huo ni hoja yenyewe. Anayeandika baadaye anajua kwamba Hispania itaanguka mikononi mwa Franco, kwamba Auden ataondoka kwenda Marekani Januari 1939, na kwamba vita itakuja. Mshairi wa 1933 hakujua lolote kati ya hayo. Kwa kujifunga kusoma vya 1933 pamoja na vya 1933, mhakiki anajinyima ujuzi ambao ungemfanya awaone watu wale wapumbavu au manabii. Mfano wa Auden mwenyewe unaonyesha jinsi hilo lilivyo muhimu. Mwezi Mei 1937 alichapisha kijitabu cha shairi la Spain, lenye mstari unaozungumzia kukubali hatia katika mauaji ya lazima. Katika diwani yake ya 1940 mauaji hayo hayakuwa tena ya lazima, yalikuwa tu jambo lililopo. Orwell, aliyepigana Hispania na kupigwa risasi ya shingo, aliandika kwamba maneno ya kwanza yangeweza kuandikwa tu na mtu ambaye kwake mauaji hayajawahi kuwa zaidi ya neno. Mkusanyo wa 1966 haukuwa na shairi hilo kabisa. Anayefungua mkusanyo huo peke yake hatapata habari kwamba mwaka 1937 mshairi mwenye kipaji kikubwa aliona inawezekana kuandika hivyo, na kwa Hynes kule kuwezekana ndiko historia.

A War Imagined cha mwaka 1990 ndicho kitabu chake kikubwa kuliko vyote, na ndicho kinachoeleweka vibaya kuliko vyote, kwa sababu ya neno moja. Hynes anasema Waingereza walijitengenezea kisasili cha Vita Kuu ya Kwanza. Mtu akisikia hivyo anafikiri wanaambiwa walidanganya. Lakini mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi anajua kwamba kisasili si uongo, ni simulizi ambayo jamii inaitumia kujieleza imetoka wapi, na hivyo ndivyo Hynes alivyokusudia. Kisasili chenyewe, kwa ufupi, ni hiki: vijana wasio na hatia, vichwa vimejaa maneno makubwa ya heshima na taifa, walikwenda vitani, wakachinjwa katika mapigano ya kipumbavu yaliyopangwa na majenerali wapumbavu, walionusurika wakarudi na uchungu, wakiwa wamegundua kwamba adui wao wa kweli alikuwa wazee wa nyumbani waliowadanganya, na kwamba kati yao na yaliyopita pamechimbwa shimo lisilovukika.

Hakuna hata kipande kimoja cha simulizi hiyo kisicho na mashahidi wake. Jambo linalomshughulisha Hynes ni muda ambao vipande hivyo vilichukua kuungana. Vita iliisha Novemba 1918. Mshairi na askari Wilfred Owen aliuawa wiki moja kabla, akiwa amechapisha mashairi machache tu, na toleo la kwanza la mashairi yake la 1920 halikutikisa nchi. Mchoraji C. R. W. Nevinson alionyesha London mwaka 1918 picha ya askari wawili wa Kiingereza wamelala kifudifudi mbele ya seng'enge, na ilipokatazwa akaibandika karatasi ya kahawia yenye neno la kusema imezuiwa. Sauti za kupinga, kwa hiyo, zilikuwapo tangu mapema, lakini zilisikika pamoja na mahubiri, minara ya ukumbusho, na riwaya za ushujaa zilizouzwa kwa wingi zaidi. Mwaka 1925 Virginia Woolf aliweka katika Mrs Dalloway askari aliyerudi na akili iliyovunjika, Septimus Smith, ambaye London yenye kufanya karamu haina pa kumweka. Halafu, kati ya 1928 na 1930, vikaja kwa mfululizo kumbukumbu za vita za washairi Edmund Blunden, Robert Graves na Siegfried Sassoon, tamthilia ya R. C. Sherriff na riwaya ya Mjerumani Remarque katika tafsiri. Ndani ya miaka mitatu simulizi ikapata umbo lake, na umbo hilo ndilo ambalo rika la Auden lililirithi kama ukweli.

Kitabu hiki mara nyingi hulinganishwa na kile cha Paul Fussell cha mwaka 1975 juu ya vita hiyohiyo. Wawili hao walizaliwa mwaka mmoja na wote walipigana vita ya pili, Fussell akiwa askari wa miguu aliyejeruhiwa Ufaransa. Fussell anaandika kwa hasira, na anaamini kwamba kejeli ya mahandaki ndiyo iliyozaa akili ya kisasa. Hynes ni mpole zaidi wa sauti lakini, kwa maoni yangu, ni mkali zaidi wa hoja, kwa kuwa kitu ambacho Fussell anakichukua kama jinsi vita ilivyokuwa, Hynes anakigeuza kuwa swali.

Upinzani dhidi yake umekuja kutoka pande mbili. Mwanahistoria Dan Todman alieleza mwaka 2005 kwamba kisasili hakikuganda mapema kiasi hicho, kwamba kati ya vita mbili Waingereza waliendelea kuwa na simulizi nyingi zinazogongana, na kwamba mengi tunayoyadhani ni ya 1929 yaliimarika miaka ya 1960. Nadhani ana haki kwa kiasi fulani, kwani Hynes anaongozwa na vitabu vya waandishi wa London, na simulizi za familia vijijini hazikuhitaji mchapishaji. Upande wa pili unatuhusu sisi moja kwa moja. Kisasili hicho kina mahali pake, nacho ni matope ya Ufaransa na Ubelgiji. Daktari wa jeshi na mwandishi Francis Brett Young alichapisha mwaka 1917 Marching on Tanga, kuhusu mwendo wa jeshi la Jenerali Smuts kuufuata mto Pangani mwaka 1916, na kitabu hicho, chenye jua, homa na vichaka badala ya mahandaki, hakikupata nafasi katika simulizi iliyoshinda. Wapagazi wa Kiafrika waliolibebea jeshi hilo mizigo, ambao makumi ya maelfu yao walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, hawakuandika kumbukumbu za kuuzwa London mwaka 1929. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilibaki midomoni mwa watu, likawa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambako watu hununua nyanya na mitumba bila kufikiri juu ya vita yoyote. Hynes hakuisomea hali hiyo, lakini zana za kuisomea ni zake: simulizi ipi ilipata wachapishaji, lini, na ipi ilibaki kuwa jina la soko.

Miaka miwili kabla ya A War Imagined, Hynes alikuwa ametoa Flights of Passage, tawasifu ya urubani wake. Ni kitabu chenye lugha nyepesi, kilichojaa mazoezi, ulevi, marafiki waliokufa kwa ajali za kipuuzi na furaha isiyofichwa ya kijana anayejua kurusha ndege. Hakina uchungu wa Sassoon, na Hynes hakujaribu kuuazima. Baada ya kuonyesha jinsi watu wa rika moja wanavyoingia katika simulizi iliyoandaliwa na waliotangulia, alikuwa na sababu ya kuwa mwangalifu na simulizi yake mwenyewe. The Soldiers' Tale cha mwaka 1997 kinaendeleza uangalifu huo kwa kusoma kumbukumbu na barua za askari wa vita za karne ya 20, akitafuta yale ambayo mtu aliyekuwapo huyaona na mwanahistoria huyapita: ugeni wa mahali, sura ya maiti wa kwanza, uchovu, mambo madogo yasiyofundisha chochote.

Kitabu alichokitoa mwaka 2014, akiwa na miaka 90, kinaitwa The Unsubstantial Air, maneno aliyoyachukua kwa Edgar katika King Lear, tamthilia ya Shakespeare, na kinahusu marubani wa Kimarekani wa Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wao walikuwa vijana wa vyuo vya kitajiri vya mashariki, na Hynes aliwafuata kupitia barua na shajara walizoandika kambini Ufaransa. Katika barua hizo wanalalamika juu ya chakula, wanaeleza mashamba yanavyoonekana kutoka juu, wanaomba watumiwe soksi, na wanaandika jina la rafiki ambaye hakurudi asubuhi hiyo, halafu wanaendelea na habari ya hali ya hewa.